Majira na Mpango: Maneno ya Uzazi katika Uluguru

Mafundisho mapya yaingiapo katika nchi hayaenei kwa dawa peke yake, bali hata kwa jina yanayopewa. Habari za kupanga uzazi katika Morogoro na milima ya Uluguru ni mfano mwema wa jambo hili.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba kuachanisha watoto hakukuletwa na wageni. Kiswahili kina neno kubemenda, maana yake kumdhoofisha mtoto anyonyaye kwa sababu wazazi wake wamerudiana kabla ya wakati. Neno hilo ni onyo, na ndani yake mna kanuni nzima ya malezi. Katika Uluguru palikuwa pia na desturi ya kumweka mwali ndani, aghalabu kwa muda mrefu, tangu avunje ungo hata akaribiapo kuolewa. Shule zilipoenea, muda huo ulifupishwa, na kinga ile ikalegea.

Sababu ya pili ni ardhi. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mashamba ya milimani yalishikwa na ukoo. Basi mtoto ni nguvu ya ukoo wa mama yake, wala si wa wazazi wawili tu. Lakini watu huongezeka, mlima hauongezeki. Tangu 1950 serikali ya kikoloni iliamrisha matuta ya ngazi ili kuhifadhi udongo. Mwaka 1955 watu waliinuka huko Matombo kuyapinga, na mradi ukaachwa. Uhaba wa ardhi ulibaki, na fundisho likabaki nao: jambo la nyumbani na shambani halikubaliwi kwa amri.

Yaelekea fundisho hilo lafaa hata katika maneno. Chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 kilikuja kuitwa UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Katika jina hilo hamna kuzuia wala kupunguza. Huduma hiyo ilipoingizwa katika kliniki za mama na mtoto kuanzia 1974, watu walizoea kusema uzazi wa majira, na vidonge vikaitwa vidonge vya majira. Kwa mkulima ajuaye vuli na masika, majira ni wakati ufaao wa kupanda. Neno hilo halimwambii mtu asizae, lamwuliza azae lini.

Uzazi wa mpango ndilo jina lililotawala baadaye, hasa baada ya mradi wa taifa wa 1989 na mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza 1993. Mpango wauliza zaidi: lini, na wangapi. Katika Tanzania nzima, wanawake walioolewa waliotumia njia za kisasa walikuwa kama 7 katika kila 100 mwaka 1991–92. Mwaka 2022 walikuwa 31. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka zaidi ya 6 hadi 4.8.

Hata hivyo, msomaji wa lugha atatambua upungufu mmoja. Kubemenda humtaja mtendaji, kwa kuwa ni kitenzi: fulani amembemenda mtoto. Uzazi wa mpango ni jina tu, wala halimtaji mpangaji. Kama ni mke, mume, ukoo au serikali, neno lenyewe halisemi. Nalo ndilo swali ambalo mwanamke wa Uluguru huenda nalo kliniki.