Sikukuu za Desemba Zinavyoingia Mwilini

Wiki mbili za mwisho za Desemba hubadilisha kwa mpigo mambo manne ambayo mwili wa binadamu hupenda yakae palepale, yaani saa za kulala, aina na kiasi cha chakula, hali ya mfuko, na idadi ya watu wanaomzunguka mtu. Na kwa kuwa mabadiliko hayo huja pamoja na furaha, ni wachache wanaoyahesabu kuwa mzigo. Katika Afrika Mashariki mfano ulio wazi ni safari ya Wachagga wanaotoka Dar es Salaam na miji mingine kurudi Kilimanjaro. Mabasi hujaa, nauli huwa gumzo, na msafiri hupita Chalinze, Segera, Korogwe na Same, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, ili afike kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo ambako wazee wamezikwa na vikao vya familia hufanyika. Desturi hiyo ni hazina kubwa, kwani inawaunganisha watu ambao maisha ya mjini yangewatenganisha kabisa. Lakini sayansi ya miaka ya karibuni inaonyesha kwamba sikukuu humgusa mtu hadi kwenye misuli ya moyo wake, na kwamba namna familia inavyokula, inavyochangishana na inavyokaribishana ina uzito katika afya.

Ushahidi ulio mzito zaidi unahusu mshtuko wa moyo, hali inayotokea pale mshipa unaoulisha moyo wenyewe unapoziba na sehemu ya msuli wake kuanza kufa kwa kukosa oksijeni. Watafiti wa Sweden walichunguza kumbukumbu za wagonjwa 283,014 waliopatwa na mshtuko huo kati ya 1998 na 2013, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba mkesha wa Krismasi ulikuwa na hatari iliyozidi ya siku za kawaida kwa asilimia 37, kilele chake kikiwa mnamo saa nne usiku. Walioathirika zaidi walikuwa wenye umri wa zaidi ya miaka 75, wenye kisukari, na wale waliokuwa tayari na maradhi ya mishipa ya moyo. Mtu angeweza kusema kwamba chanzo ni baridi kali ya Ulaya, lakini hoja hiyo haitoshi, kwa sababu utafiti uliofanywa New Zealand, ambako Desemba ni majira ya joto kama ilivyo Moshi huko Kilimanjaro, uliona vifo vya maradhi ya moyo vinavyotokea nje ya hospitali vikiongezeka kwa asilimia 4.2 katika kipindi cha sikukuu.

Basi chanzo kitafutwe katika sikukuu yenyewe. Hasira, huzuni, wasiwasi na pilikapilika huufanya mwili umwage adrenalini, homoni inayoharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu, na moyo ambao mishipa yake imekwisha kuwa myembamba hushindwa kupata damu ya kutosha kwa kazi hiyo ya ghafla. Mlo mzito wenye chumvi na mafuta huongeza kazi juu ya kazi. Pombe nayo ina njia yake: mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake huko Marekani walieleza juu ya watu ambao mioyo yao ilipoteza mpangilio wa mapigo baada ya kunywa sana mwishoni mwa wiki au wakati wa sikukuu, ambapo mara nyingi vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kujikaza kwa utaratibu. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi inayonywewa kwa kupokezana kata, haina kinga dhidi ya kanuni hiyo. Hata hivyo, hatari inayosikitisha kuliko zote ni ile ya kuchelewa. Babu anayeshika kifua usiku wa sikukuu huambiwa kwamba ni gesi tu, nyama imemzidi. Naye mwenyewe hataki kuwavunjia wageni furaha, na saa ambazo tiba ingefaa sana zinapita. Kujitunza, kwa maana hii, si anasa ya watu wa mjini: ni kuhakikisha kwamba vidonge vya presha na vya kisukari vinafungashwa kabla ya nguo mpya, na kwamba maumivu ya kifua hayasubiri asubuhi.

Mzigo wa pili uko katika mfuko, na hapa matokeo ya utafiti yanafurahisha. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walionyesha kwamba watu waliopewa fedha kidogo na kuambiwa wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine walikuwa na furaha zaidi jioni kuliko walioambiwa wazitumie kwa ajili yao wenyewe. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2013, ulipima jambo hilo kwa takwimu za nchi 136 na kwa majaribio yaliyofanyika katika nchi kadhaa, ikiwemo Uganda, na ukakuta kwamba raha ya kutoa haiko kwa matajiri peke yao. Lakini kuna sharti ambalo familia nyingi hulisahau. Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha mwaka 2010 kwamba kumsaidia mwingine humwongezea mtu furaha pale anapotoa kwa hiari yake, na kwamba msaada unaotolewa kwa kusukumwa haumletei faida hiyo. Itazamwe basi hali ya kikao cha ukoo ambapo daftari la michango linafunguliwa, majina yanasomwa kwa sauti mmoja baada ya mwingine pamoja na kiasi alichotoa kila mtu, na anayefikiwa akiwa na pungufu hutazama chini huku akiahidi kumalizia mwezi wa kwanza, mwezi ambao ada za shule zinamngoja. Fedha zinaweza kuwa zilezile, lakini kinachotokea ndani ya mtoaji ni kitu kingine kabisa.

Si ajabu kwamba baadhi ya watu huamua kutokwenda. Aliyekosa kazi mwaka huo, binti anayeulizwa kila mwaka ataolewa lini, mjane asiyejua kama bado anahesabiwa katika ukoo wa mume, mkwe wa dini nyingine ambaye hakuna aliyekumbuka kumuuliza anakula nini: hawa wote hujifunza kukaa pembeni. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake waliwachunguza watu kwa mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza kwenye kompyuta mchezo wa kurushiana mpira ambao, baada ya muda, uliacha kuwarushia. Sehemu ya ubongo iitwayo singuleti ya mbele, ambayo hushughulika pia maumivu ya mwili yanaposumbua, iliamka zaidi kwa wale waliosema wameumia zaidi. Wataalamu bado wanabishana juu ya tafsiri ya picha hizo, lakini uchungu wenyewe haubishaniwi, kwani Kipling Williams, aliyeubuni mchezo huo, na wenzake waligundua kwamba watu huumia hata wanapojua kuwa kinachowatenga ni kompyuta tu. Ikiwa dakika chache za mpira usio na maana zinauma hivyo, kuachwa nje ya mgawo wa nyama ya sikukuu na ndugu wa damu ni jeraha ambalo jamii haina haki ya kulipuuza. Uchagga una chombo chake cha kale kwa ajili hiyo, jani la sale, ambalo aliyekosa humpelekea aliyekosewa kuomba msamaha, na msimu ambao ndugu wote wako nyumbani ndio unaofaa kulitumia.

Kutoa na kukaribishana huleta pia suala la shukrani. Dai maarufu ni kwamba inatibu kila kitu, na dai hilo limepita kiasi. Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti wao wa mwaka 2003, waliwaomba watu waandike mara moja kwa juma, kwa majuma kumi, mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru, na hao wakayaona maisha yao kuwa mema zaidi kuliko walioorodhesha kero. Lakini uchambuzi wa mwaka 2021 uliokusanya majaribio mengi ya aina hiyo ulikuta kwamba nafuu yake kwa sonona na wasiwasi ni ndogo. Jambo la maana zaidi liligunduliwa na Philip Watkins na wenzake mwaka 2006: kadiri mtoaji anavyoonyesha kutarajia malipo, ndivyo mpokeaji anavyohisi deni zaidi na shukrani kidogo. Mjomba anayemkumbusha mpwa wake mbele ya watu kwamba ndiye aliyemsomesha anaipunguza ile shukrani anayoidai.

Upande wa aliyetendewa wema nao una kizuizi chake. Amit Kumar na Nicholas Epley waliwaomba watu waandike barua za kuwashukuru waliowatendea wema, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba waandishi walitarajia waliopelekewa barua waone haya kuliko walivyoona kweli, tena walikadiria chini ya kiwango jinsi barua ingewafurahisha. Makosa hayo ya makadirio huwafanya watu wanyamaze. Mtu mzima aliyebebwa na shangazi yake enzi za shule hurudi na kitenge na kilo kadhaa za sukari, huviweka mezani, kisha husogea kwenye mazungumzo ya mvua na bei ya kahawa, akidhani kwamba shangazi anajua; ilhali walichokipima watafiti hao ni maneno yenyewe, yanayotaja tendo fulani la siku fulani na kile lilichobadilisha katika maisha ya aliyetendewa.