Kioo cha Kompyuta Kikipasuka

Tuchukue mfano. Chama cha msingi cha wakulima wa korosho kina kompyuta moja ndogo, ile inayokunjwa kama kitabu. Wengine huiita kompyuta mpakato. Ndani yake mna majina ya wanachama, uzito wa korosho za kila mmoja, na fedha anazodai.

Jioni moja katibu anaifunga kwa haraka. Kalamu imebaki juu ya vibonyezo. Anasikia "kwa!" Anapoifungua anaona nyufa, mistari ya rangi, na doa jeusi kama wino uliomwagika.

Kesho yake habari zinaenea kijijini: "Hesabu zetu zimepotea!" Mwanachama mmoja anashauri kompyuta iuzwe kwa bei ya kutupa.

Je, ni kweli hesabu zimepotea?

Kioo si kompyuta nzima

Kioo ni mahali pa kuonyeshea tu. Hesabu hukaa katika chombo kingine, chini ya vibonyezo. Taa ikizimika ghalani, magunia huyaoni, lakini bado yamo. Kioo nacho ni hivyo hivyo. Tena, anayeuza kompyuta hiyo anauza na siri za wanachama.

Kwanza hakikisha. Unganisha kompyuta na televisheni kwa waya wake. Picha ikitokea vizuri kwenye televisheni, basi kilichoharibika ni kioo tu. Hapo hapo nakili hesabu zote katika flashi, uiweke mahali salama.

Vifaa vinavyotakiwa

Tafuta bisibisi ndogo ya nyota, kadi ya plastiki, selotepu, kitambaa laini, na kisosi cha kuwekea skrubu.

Kufungua kioo kibovu

1. Zima kompyuta. Chomoa chaja. Toa betri. Kama betri imo ndani, fungua mfuniko wa chini uchomoe plagi yake. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache, ili umeme uliobaki uishe. Usiruke hatua hii. Umeme ukibaki, unaweza kuunguza kioo kipya au kompyuta yenyewe.

2. Bandika selotepu juu ya nyufa, vipande visidondoke. Kioo kikitoa majimaji, usiyaguse. Yakikupata mkononi, nawa kwa sabuni.

3. Kioo kimezungukwa na fremu ya plastiki. Tazama pembeni kama kuna skrubu zilizofichwa kwa vipande vya mpira. Zitoe. Kisha pitisha kadi polepole kuzunguka fremu mpaka iachie.

4. Toa skrubu zinazoshika kioo. Laza kioo kifudifudi juu ya vibonyezo, juu ya kitambaa. Usikivute kwa nguvu, maana nyuma yake kuna waya.

5. Bandua selotepu inayoshika plagi ya waya huo. Kama plagi ina kishikizo cha chuma, kiinue kwanza. Chomoa kwa kushika plagi, wala si kwa kuvuta waya.

Kununua kioo kipya

Hapa ndipo kusoma kunapolipa. Nyuma ya kioo kuna karatasi yenye herufi na tarakimu. Ziandike zote bila kuacha hata moja. Usinunue kwa kutaja jina la kompyuta peke yake, kwa sababu kompyuta za jina moja huweza kuwa na vioo tofauti.

Pima pia kioo kutoka pembe ya juu ya upande mmoja hadi pembe ya chini ya upande wa pili. Kioo cha inchi 15.6 ni kama sentimita 39.6. Tazama na plagi. Vioo vingi vina njia 30 au 40. Cha 30 hakiingiliani na cha 40, hata kama ukubwa ni mmoja. Ni vyema kuchukua kioo kibovu dukani ukavilinganishe. Dai risiti.

Kufunga kioo kipya

Hakikisha betri na chaja bado zimetolewa. Chomeka plagi ya kioo sawasawa, uibandike selotepu. Ndipo urudishe betri, uwashe kompyuta, utazame picha kabla ya kukaza kitu chochote. Picha ikiwa nzuri, zima tena na utoe betri. Kaza skrubu bila kuzidisha nguvu. Rudisha fremu, halafu betri.

Kazi ya kumwachia fundi

Vioo vingine vimegandishwa kwa gundi, hasa vile vinavyofanya kazi kwa kuguswa kwa kidole. Hivyo mpelekee fundi. Vivyo hivyo betri ikiwa imevimba, usiitoboe wala kuilazimisha. Inaweza kuwaka moto. Kuuliza si ujinga.

Katibu wetu akifuata hatua hizi, atanunua kioo tu, si kompyuta nzima. Wanachama wataziona hesabu zao kama zilivyokuwa. Na kila jioni, kabla ya kufunga, atapitisha mkono juu ya vibonyezo kutazama kama kuna kalamu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini hesabu hazipotei kioo kinapopasuka?
2. Kwa nini tunatoa betri kabla ya kuchomoa waya wa kioo?
3. Tunaandika nini kabla ya kwenda dukani?
4. Katika chama chenu, nakala ya pili ya hesabu iko wapi?