Sigaa ya Havana: Mkono Nausifu, Moshi Naurudisha

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini wako wageni ambao zawadi zao humtia mwenyeji mtihanini kwanza.

Mgeni wangu wa majuzi ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, baharia wa meli za mizigo aliyerudi Mombasa baada ya miezi kumi na mmoja majini. Tulikuwa tumeketi darini baada ya sala ya Isha, dele la kahawa katikati yetu. Akatoa kisanduku cha mbao, akakifungua. Mlikuwa na sigaa tatu.

"Mjomba," akasema, "wewe miaka yote wapima mashairi ya watu. Huyu vina vyake havikuwiana, yule mizani yake imepungua. Basi nipimie na hii. Nimeinunua Havana kwenyewe."

Nikanyamaza kidogo. Ndugu msomaji, sina budi kukwambia kwa nini. Nilivuta sigara miaka ishirini na miwili. Niliacha miaka tisa iliyopita, baada ya kumzika kaka yangu, ambaye koo lilimfunga hata maji ya kunywa yakawa hayapiti. Naye pia alikuwa mjomba wake kijana huyu. Na kijana mwenyewe, nilikuwa nimekwisha kuisikia harufu katika nguo zake tangu alipoingia mlangoni.

Hata hivyo, hakimu hakatai kusikiza kesi kwa kuwa haipendi. Nikamwambia, "Nitaipima. Wewe utavuta, mimi nitatazama na kunusa. Nami nitajiruhusu mikupuo mitatu tu, wala moshi hautapita koo." Akacheka, akakubali. Laiti ningalijua.

JANI NDANI YA JANI

Kwa asiyeijua, sigaa si sigara. Sigara ni tumbaku iliyokatwakatwa ikafungwa katika karatasi, na mashine hutoa maelfu kwa dakika. Sigaa ya mkono ni majani matupu toka ncha hadi ncha. Karatasi yake ni ile pete ya jina tu, nayo si ya kuvutwa. Yetu ilikuwa Montecristo namba 4, urefu wake milimita 129, unene wake kama kidole changu cha shahada. Chini ya sanduku pamepigwa chapa maneno ya Kihispania, "Totalmente a mano", yaani yote kwa mkono.

Jambo la kwanza katika kupima ni jicho. Niliigeuza chini ya taa. Jani la nje lilikuwa la rangi ya halua iliyoiva, lina mafuta kidogo, na mishipa yake myembamba hata huioni mpaka uisogeze karibu. Jani hili hutoka Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río magharibi ya Cuba, penye udongo mwekundu. Mimea yake hufunikwa kwa mahema ya kitambaa chepesi ili jua lisiyakomaze majani yakawa mazito. Huchumwa jani kwa jani kuanzia chini, yakatungwa na kuanikwa katika mabanda marefu, kisha yakarundikwa yapate joto na kuchacha, ukali wake upungue.

Ndani ya jani hilo mna jani la pili, ambalo kazi yake ni kufunga. Na ndani ya hilo mna moyo wenyewe, nao ni mchanganyo wa majani ya namna tatu. Ya chini ya mmea huitwa volado, nayo husaidia kuwaka. Ya katikati ni seco, yenye harufu. Ya juu, yaliyopigwa na jua zaidi, ni ligero. Hayo ndiyo yenye nguvu, nayo huwaka polepole. Kwa hiyo fundi huyaweka katikati kabisa, moto wa pembeni uyangoje. Akikosea akayaweka upande mmoja, sigaa itaungua shingo upande kama jahazi lililopakiwa vibaya.

Fundi huyo hana ila meza, kisu kipana kisicho na mpini, kibao cha kushindilia, na tone la gundi ya miti la kubandikia kofia kichwani mwa sigaa. Ukiibonyeza kazi yake kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho, isiwe na pahali pagumu wala pahali pa kubonyea. Nilibonyeza. Haikuwa napo. Nikaipeleka puani kabla ya moto: mbao za mwerezi, ngozi ya viatu vipya, na kwa mbali kitu kama zabibu kavu.

MOTO

Kijana akaikata kofia kwa wembe, kwa uchache, maana ukikata sana jani la nje hufumuka. Akaivuta kwanza bila moto. Mvuto ulikuwa mwepesi wenye kizuizi kidogo, na hivyo ndivyo utakiwavyo. Ukiwa mgumu, fundi ameshindilia mno; ukiwa wazi kama mrija, sigaa itawaka kwa joto na kuwa chungu. Kisha akawasha njiti ya kiberiti, akangoja baruti iishe, akaigeuzageuza ncha juu ya mwali bila kuigusisha, mpaka mduara wote ukawa mwekundu.

Wajuzi huigawanya sigaa theluthi tatu, nami nilipewa mkupuo mmoja kwa kila theluthi. Ya kwanza ilikuwa kama kahawa chungu ya asubuhi, na pilipili manga ikiuma ncha ya ulimi. Ya pili ililainika; ladha ikawa ya kakao na karanga za kukaanga, na moshi ukawa mzito wa kutafunika. Hapo ilianza kuungua upande mmoja, lakini kosa lilikuwa la upepo wa darini, si la mkono wa fundi, na baada ya dakika chache ikajinyoosha yenyewe. Ya tatu ilikuwa kali, ya udongo na mbao zilizoungua, nami niliirudisha haraka. Jivu lilikuwa la kijivu cheupe, likasimama hadi urefu wa sentimita mbili na ushei kabla ya kudondoka, dalili ya kwamba majani yamekunjwa mazima hayakuvunjwavunjwa. Muda wote ulikuwa kama dakika arubaini.

Basi hukumu ya ufundi ni hii. Umbo halina kasoro. Mvuto ni sawa. Uwakaji ni mwema. Ladha ina mwanzo, kati na mwisho, kama shairi ambalo kila ubeti unaongeza neno jipya. Kama ningalikuwa napima kazi ya mkono peke yake, ningaliikabidhi tuzo papo hapo.

SIKIO

Na mkono huo una hadithi ambayo sisi watu wa pwani twaweza kuielewa kuliko wengi. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wakunja sigaa walianza kusomewa wakiwa kazini. Mmoja alisoma kwa sauti, wenziwe wakachangishana kumlipa ujira alioupoteza. Mwaka uliofuata watawala wa Kihispania walipiga marufuku, wakihofu yatakayoingia masikioni mwa watu. Lakini desturi ilifufuka na ingali hai viwandani Cuba: asubuhi magazeti, baadaye riwaya. Wakipendezwa, mafundi hugonga meza kwa visu vyao. Jina Montecristo lenyewe, lililoanza mwaka 1935, limetoka katika riwaya ya Alexandre Dumas, Mfaransa, ambayo wakunja sigaa waliipenda sana kusomewa.

Nilipomsimulia mpwa wangu haya, nilimwona mama yangu. Alikuwa akisuka ukili uani pamoja na shangazi zangu, mmoja wao akighani utenzi kwa moyo, na vidole visisimame hata mara moja. Mimi nimetoka chuoni na juzuu yangu kwapani, nikijibanza nyuma ya mlango nisikize. Kabla sijajua mizani ni nini, nilikwisha kuifahamu kwa vidole vile. Mkono ukishughulika sikio huwa huru, na mtu asiyejua kusoma hutoka na elimu kifuani.

Malenga wa Cuba, José Martí, aliijua nguvu hiyo. Mwezi wa Novemba 1891 alikwenda Tampa, katika jimbo la Florida, akawahutubia wakunja sigaa wa Kicuba waliokuwa uhamishoni, na michango yao ikasaidia vita vya uhuru. Yasimuliwa kwamba amri ya kuanza vita vya 1895 ilivushwa bahari ikiwa imekunjwa ndani ya sigaa. Martí mwenyewe aliuawa vitani tarehe 19 Mei ya mwaka huo huo.

SAA TISA ZA USIKU

Lau makala yangalikomea hapo, yangalikuwa matamu. Lakini nimeahidi hukumu, na hukumu haikatwi nusu.

Usiku ule niliamka saa tisa. Mkono wangu ulikuwa chini ya mto, ukipapasa pakiti ambayo haipo tangu miaka tisa. Niliketi kitandani nikitokwa jasho. Mikupuo mitatu, nami sikumeza hata moshi kidogo! Asubuhi nikamwendea daktari mmoja jirani yangu, akanieleza kwa upole. Moshi wa sigaa hauna haja ya mapafu. Nikotini yake hupenya kwa ngozi laini ya mdomo. Sigaa moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Na saratani ya mdomo, ya koo na ya umio haiulizi kama jani lilikunjwa na mashine au na fundi hodari. Nilipolisikia neno koo, sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Tumbaku ilipozifikia nchi za Kiislamu, wanazuoni walihitilafiana. Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uthmaniya aliipiga marufuku mwaka 1633, akawaua walioivuta. Sheikh Abdulghani an-Nabulsi wa Damaski aliandika kitabu kuihalalisha. Wako walioiona makuruhu, na leo wengi wanaiharamisha kwa sababu ya madhara. Fatwa nawaachia wenyewe masheikh. Wale wa kale hawakuwa na hesabu tuliyo nayo sisi: Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Serikali yetu imezuia uvutaji katika mahali pa hadhara kwa sheria ya mwaka 2007. Lakini darini kwangu hapana askari, na sheria ya humo ilikuwa mimi, nami ndimi niliyeivunja.

Wala tusiwacheke wavuta sigaa peke yao. Ni nyumba ngapi za kwetu ambazo tumbaku hutiwa katika tambuu, pamoja na popoo na chokaa, bibi akatafuna mchana kutwa na sisi tukaita ni ada? Jani lililo shavuni nalo lina hesabu yake.

Mpwa wangu alipokuja kuaga, nilimrudishia sigaa mbili zilizobaki. Nikamweleza habari ya usiku wangu bila kuficha, na jasho lile, na mkono ule chini ya mto. Hakucheka. Akaniuliza, "Na mjomba marehemu, alianza hivi hivi?" Nikamwambia, alianza kwa moja ya kupewa. Akakitia kisanduku mkobani. Atakachokifanya akifika baharini ni baina yake na Mola wake, wala sikumwapisha. Kiapo cha kulazimishwa hakifiki hata Kilindini.

Pete ya karatasi nimebaki nayo mimi. Nimeiweka katika daftari langu la mashairi, pahali nilipoandika ubeti huu:

Nimesifu mshikano, wa jani ndani ya jani,
Kazi isiyo mfano, ya fundi wa kisiwani,
Ila moshi ni agano, la maradhi kifuani,
Fundi nampa mkono, moshi naacha hewani.