Kikombe cha Maji

Huko Nakuru, jamaa zetu wenye maradhi ya figo huketi hospitalini, kwa kawaida mara mbili kwa juma, takriban saa nne kila safari, mashine ikiwasafisha damu. Nyumbani maji ya kunywa hupimiwa kwa kikombe, kwani figo haziyatoi tena.

Inasimuliwa kwamba Ibn as-Sammak alimkuta Khalifa Harun ar-Rashid ameshika maji, akamuuliza: lau ungenyimwa haya, ungeyanunua kwa kiasi gani? Akajibu, kwa nusu ya ufalme. Na yakikataa kutoka mwilini? Akajibu, kwa nusu iliyobaki. Sisi wazima twaingia chooni na kutoka bila kulifikiri hilo, ilhali Mtume (S.A.W.) ametufundisha hata dua ya kutokea.

Mama mgonjwa asidhani ibada yake imepungua. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu, kama alivyoelekezwa Imran bin Husayn. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii, damu itokayo mkononi haitangui udhu. Akilia, na alie: Nabii Ayyub (A.S.) alimshtakia Mola wake dhara iliyompata, na bado akasifiwa kwa subira.

Tusilolipenda, tuseme wazi, ni mazoea ya kumwambia mgonjwa "shukuru" kisha tukaondoka zetu. Atokaye Njoro au Gilgil anahitaji nauli na wa kumsindikiza, na jioni anaporejea amechoka, wanawe wakute chakula kimeshapikwa na jirani.