Chura wa Povu na Nchi Anazokaa

Mvua zikishika katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, mabonge meupe ya povu huonekana kwenye matawi yaliyoinamia madimbwi. Ni viota vya chura wa mitini aitwaye kitaalamu Chiromantis xerampelina, jina alilopewa na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1854. Kutoka pwani hiyo ameenea Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zambia na Zimbabwe hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Upande wa magharibi anafika Botswana, kaskazini mwa Namibia na Angola.

Sehemu kubwa ya nchi hizo ni nyika inayokaa miezi mingi bila tone la mvua. Vyura wengi wa huko hujifukia ardhini kusubiri masika. Huyu hubaki tawini, juani, mchana kutwa. Hukunja miguu chini ya tumbo, akageuka mweupe kama chokaa ili mwanga wa jua usimpashe mno, na ngozi yake hupitisha maji kidogo sana. Kinachonistaajabisha zaidi ni mkojo wake. Chura wa kawaida hutoa taka za mwili kwa njia ya urea, ambayo lazima iyeyushwe katika maji mengi. Mwaka 1970 mtafiti J. P. Loveridge alionyesha kwamba huyu hutoa asidi ya uriki, kama ndege na mijusi, na hivyo maji yake hubaki mwilini.

Hata hivyo hawezi kuyakwepa maji akitaka kuzaa. Jike hushuka dimbwini kunywa kwa ngozi, hupanda tawini, kisha hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke, madume kadhaa wakiwa wamemzunguka. Kazi ikiwa ndefu hushuka tena kujaza maji, akarudi kuendelea. Mayai hutagwa ndani ya povu. Nje hukauka, ndani hubaki na unyevu. Baada ya siku chache upande wa chini hulainika na viluwiluwi hudondoka majini. Si wote wanaofika: chura mdogo wa matete, Afrixalus fornasini, huviparamia viota hivyo na kula mayai.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama yupo mahali fulani, usiulize mvua ni kiasi gani. Tazama kama pana dimbwi lenye kitu kilichoinama juu yake. Dimbwi la msimu linamfaa sana, maana halina samaki wa kula viluwiluwi. Lambo la mifugo lenye miti pembeni linamfaa vilevile, na lililofyekwa kingo zote linampunguzia pa kutagia.

Mipaka yake inaeleweka zaidi ukiwatazama jamaa zake. Katika misitu minene ya Kongo na Afrika Magharibi yupo C. rufescens. Nyika kavu za bara, kutoka kaskazini mwa Tanzania kuelekea Pembe ya Afrika, ni za C. petersii. Wote watatu hujenga kwa povu.