Daftari la Wafungwa

Mgeni afikapo kisiwani Chole, ng'ambo ya Utende, huonyeshwa magofu ya gereza waliloliacha Wajerumani. Mizizi ya miti imezikumbatia kuta, na vyumba havina paa. Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu kulitazama, na mmoja wao akaniuliza, "Maalim, humu walifungwa nani?" Sikuwa na jibu. Mawe yamebaki, majina hayakubaki.

Swali la mtoto yule lilinirudia kwa ajili ya jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, ambaye mwanawe alikamatwa bara akawekwa mahabusu. Mama alipanda chombo Kilindoni mpaka Nyamisati, akashika gari, amebeba shuka na mkate wa kumimina. Alipofika gerezani akaambiwa kijana hayumo. Safari ya pili, hayumo. Safari ya tatu ndipo karani mmoja mwema alipofunua madaftari ya nyuma, ikadhihirika kuwa kijana aliandikwa majina mawili tu, tena la baba limekosewa, na ya kuwa alikwisha hamishiwa gereza jingine. Majina yake hayo ukiyaita sokoni Kilindoni watageuka watu watano. Muda wa miezi minne mama hakujua kama ana mtoto wa kumpelekea chakula au ana maiti wa kumwombea dua.

Wako wasemao kuwa mfungwa amejitakia, hesabu yake yatuhusu nini? Nao wasahau kuwa mahabusu bado hajahukumiwa, na kuwa mfungwa ana mke na warithi. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, nayo yahesabiwa tangu siku ya kifo. Mtu akifa ndani ya kuta na siku yake isijulikane, mjane ataanza kuhesabu lini? Mirathi itagawanywa lini?

Wazee wetu katika elimu waliyajua haya. Imam Nawawi, katika kitabu cha Minhaj tunachokisoma sisi watu wa madhehebu ya Shafi, aeleza kuwa kadhi aingiapo kazini huanza kwa kuwatazama waliomo kifungoni, kila mmoja amefungwa kwa haki gani. Na kabla yake Kadhi Abu Yusuf wa Baghdad, aliyefariki mwaka 182 Hijria (798), alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu cha Kharaj. Humo alimshauri amweke mtu mwema wa kuyaandika majina ya wafungwa wanaolishwa kwa sadaka, na kila mwezi aketi awaite mmoja mmoja kwa jina na kumpa fedha yake mkononi, ili walinzi wasiile. Alilalamika pia kuwa mfungwa mgeni asiye na jamaa akifa, maiti yake hukaa siku nzima au mbili mpaka wenziwe wachangishane kumpeleka makaburini, akazikwa bila ya kuoshwa, wala sanda, wala sala. Ndiyo kusema kuwa daftari lilikuwa kinga ya chakula cha aliye hai na heshima ya aliyekufa.

Mataifa ya leo nayo yamefikia hapo hapo. Tarehe 17 Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Mandela. Zataka mtu asipokelewe gerezani bila ya hati halali. Aandikwe jina, sababu ya kufungwa, siku na saa ya kuingia, majeraha aliyonayo na majina ya jamaa zake. Na akifa, jamaa waarifiwe mara moja.

Lakini kanuni haijiendeshi yenyewe. Huko Marekani, sheria ya mwaka 2000, iliyotungwa upya baadaye, yataka kila jimbo liipelekee Serikali kuu khabari ya kila kifo cha mtu aliye kifungoni. Hata hivyo, uchunguzi wa Baraza lao la Seneti mwaka 2022 ulikuta vifo vipatavyo 990 vya mwaka mmoja wa fedha, 2021, havikuhesabiwa. Nchi yenye kompyuta kila pembe!

Kwetu Tanzania, twazisikia hesabu za furaha: tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533, na tarehe 26 Aprili 2021 wakasamehewa 5,001. Ni jambo jema. Ila hesabu za waliokufa, na za mahabusu waliokaa miaka wakingoja hukumu, ni nadra kusomwa redioni, nasi hatuulizi mpaka yatokee kama ya Mbarali mwaka 2002, mahabusu 17 walipokufa kwa kukosa hewa katika chumba kilichojazwa kupita kiasi.

Njia za kuuliza zipo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyowekewa sheria yake mwaka 2001, ina uwezo wa kuingia magerezani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yampa raia haki ya kuomba khabari kwa barua, ajibiwe ndani ya siku 30. Na jamaa yako akikamatwa, andika siku hiyo hiyo majina yake matatu, kituo, mahakama na nambari ya kesi. Akipelekwa gerezani, uliza nambari yake ya ufungwa. Karatasi hiyo aishike mtu mwenye kutulia nyumbani.

Mama yule alimpata mwanawe katika safari ya nne. Mkate alioubeba mara ya kwanza aliugawa kwa watoto wa Nyamisati alipokuwa akingoja chombo cha kurudi.