Kilemba Kilichofika Mahakamani

Paukwa! Pakawa! Hadithi ya leo, wanangu, haina sungura wala fisi. Ni ya kweli, na ilitokea Nairobi.

Januari 2019, msichana mmoja aliripoti Kidato cha Kwanza katika shule ya sekondari mtaani Kibera. Kichwani alijifunga kilemba. Alipotakiwa akivue, zikaonekana nywele zake za dredi. Akaambiwa aende nyumbani akanyoe, ndipo arudi.

Sasa sikieni tatizo lake. Familia yake ni ya Kirastafari, na kwao kutonyoa nywele ni sehemu ya imani. Anyoe aivunje imani, au asinyoe akose masomo? Baba yake akaona shauri hilo halimalizikii getini. Akaenda Mahakama Kuu.

Mahakama ikaagiza kwanza mtoto arudi darasani, kesi iendelee. Septemba mwaka huohuo, Jaji Chacha Mwita akatoa hukumu: Urastafari ni dini kama dini nyingine, na kumfungia mtoto mlango wa shule kwa sababu ya nywele za imani yake ni kuvunja haki zake. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dini, na mtoto haachi uhuru huo nje ya lango la shule.

Najua mtauliza: “Lakini kanuni ya shule kuhusu nywele si ilikuwa ya wote?” Haya, tuseme mwalimu mkuu anunulie darasa zima viatu namba 36. Wote mmepata sawasawa. Je, hakuna atakayechechemea?

Msidhani kanuni zote ni mbaya. Sare humkalisha mtoto wa tajiri na wa maskini dawati moja, nguo zisiwatenganishe. Maabarani nako, mwenye nywele ndefu azifunge, maana moto haujui dini ya mtu. Hapo sababu inaonekana. Lakini nywele safi, zilizofungwa vizuri, zinamzuia nani kujua hesabu?

Basi mkikutana na kanuni inayomwonea mwenzenu, msimcheke, wala msianze fujo. Mwendeeni mwalimu kwa adabu, mmuulize mambo mawili: kanuni hii inalinda nini, na inamuumiza nani? Kanuni yenye jibu zuri tuitii. Isiyo na jibu, wakubwa wairekebishe.